Karo imelipwa, kompyuta yasema haijalipwa: kalenda tatu zilipogongana Ruiru

Jumatatu ya tarehe 28 Aprili 2025, siku shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, nilikuwa Ruiru kwa dada yangu. Saa mbili na nusu asubuhi simu ya mpwa wangu ikaanza kulia, na haikunyamaza tena. Kijana huyu ndiye anayetunza kompyuta za shule moja ya kibinafsi pale mjini. Nikamfuata, maana nami nilisomea diploma ya kompyuta zamani, na mtu akisikia kelele za fani yake hawezi kuketi.

Tulipofika, foleni ya dirisha la mhazini ilikuwa imeshatoka nje ya lango. Kila mzazi ameinua simu anaonyesha ujumbe wa M-Pesa: nimelipa Jumamosi, nimelipa jana usiku. Karani anatazama skrini, anatikisa kichwa. Kwenye skrini malipo hayapo, na sheria ya shule ile ni kwamba jina lisiloonekana haliingii darasani. Kulikuwa na mtoto wa gredi ya pili ameketi kwenye ukingo wa maua, begi mgongoni, anamtazama mama yake akibishana na karani. Mama yule amelipa. Nimeuona ujumbe kwa macho yangu. Lakini kompyuta inasema hakulipa, na karani anaiamini kompyuta.

Jumamosi iliyotangulia, mpwa wangu alikuwa ameipandisha seva ya shule kutoka Ubuntu 20.04 hadi Ubuntu 22.04. Hakufanya kwa mchezo. Muda wa kawaida wa kulindwa wa 20.04 ulikuwa unakwisha tarehe 31 Mei 2025, na yeye akaona heri amalize mapema, kabla ya wanafunzi kurudi. Kazi ilikwenda vizuri. Kurasa zikafunguka, nywila zikakubali, akafunga ofisi akaenda zake nyumbani.

Tulipoisoma kumbukumbu ya hitilafu ya seva, mambo yakajulikana ndani ya nusu saa. Kila asubuhi karani hupakua taarifa ya malipo kutoka M-Pesa na kuipakia kwenye programu ya karo. Jumatatu ile aliipakua kuanzia Ijumaa, kama alivyozoea, ili asiache kitu nyuma. Kwa hiyo mistari ya mwanzo ilikuwa malipo ya Ijumaa, ambayo tayari yamo kwenye hifadhidata. Zamani programu ikikutana na malipo yaliyokwisha kuandikwa, hifadhidata iliyakataa kimya kimya, programu ikaruka mstari na kuendelea. Safari hii ilikutana na mstari wa kwanza uliorudiwa, ikapiga kelele ndani kwa ndani, ikasimama. Malipo yote ya Jumamosi na Jumapili, siku mbili ambazo wazazi hulipa zaidi kuliko siku zote za muhula, hayakuingia hata moja.

Programu yenyewe haikuguswa, hata herufi moja. Kilichobadilika ni kitu kilicho chini yake, na hapo ndipo nataka tukae leo, kwa sababu kitu hicho hicho kiko chini ya zahanati yenu, chama chenu cha akiba na mikopo na madrasa yenu, huko Kwale au Lamu, ikiwa zinatumia kompyuta.

Mpika mahamri hasagi ngano wala hakamui mafuta. Unga anaununua, mafuta yametoka kiwandani, yeye kazi yake ni kukanda na kukaanga. Mwandishi wa programu naye ni hivyo. Hajiandikii mwenyewe namna ya kuongea na hifadhidata au namna ya kuficha nywila inaposafiri kwenye mtandao. Anachukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, na vipande hivyo huitwa maktaba. Programu ndogo ya karo inaweza kuegemea maktaba kadhaa, na kila maktaba ina wenyewe, mara nyingi watu wachache walio mbali ambao hawajawahi kulisikia jina la Ruiru.

Mfumo endeshi kama Ubuntu, Debian au Fedora, ambao wenyewe huuita distro, ni duka la jumla. Unakusanya maelfu ya vipande hivyo, unachagua toleo moja la kila kimoja, unahakikisha vinakubaliana, kisha unakuahidi kwamba kwa muda fulani hautavibadilisha isipokuwa kuziba matundu ya usalama. Ubuntu ya muda mrefu, ile inayotoka Aprili ya kila mwaka wa shufwa, ahadi yake ya kawaida ni miaka 5. Ndiyo maana shule na ofisi huipenda. Unga hautabadilika ghafla. Lakini miaka ikiisha unahamia duka jipya, na huko unga wote umebadilika kwa siku moja.

Katika Ubuntu 20.04, lugha ya PHP ilikuwa toleo la 7.4. Katika 22.04 ni 8.1. Na katika 8.1 maktaba inayoongea na hifadhidata ya MySQL ilibadilishwa tabia: kosa ambalo zamani ililinyamazia, sasa inalipigia kelele na kusimamisha kazi, isipokuwa mwandishi ameiambia vingine. Ukiuliza mtaalamu yeyote atakwambia ni badiliko jema. Kosa linalonyamaza ni hatari zaidi ya kosa linalosema. Ni kweli, lakini nenda ukamwambie hivyo mama wa yule mtoto kwenye ukingo wa maua.

Sasa tazama kalenda. PHP hutoa toleo jipya kila mwaka, mwezi wa Novemba. Toleo la 8.1 lilitoka tarehe 25 Novemba 2021, na Ubuntu 22.04 ikatoka tarehe 21 Aprili 2022, ikiwa nalo. Toleo la 8.3 lilitoka Novemba 2023, likaingia katika Ubuntu ya Aprili 2024. Hii si bahati. Mtu akitoa toleo Novemba, wajenzi wa Ubuntu wana miezi mitatu ya kulionja kabla hawajafunga mlango, maana mlango hufungwa takriban miezi miwili kabla ya siku ya kutoka. Kwa 22.04 ulifungwa tarehe 24 Februari. Baada ya hapo kipya hakiingii, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kazi inayobaki ni kujaribu na kurekebisha tu.

Wapo wanaolenga mlango huo karibu zaidi. Maktaba ya C ya GNU, ambayo karibu kila programu kwenye Linux imesimama juu yake, hutoka mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti. Toleo lake la 2.35 lilitoka tarehe 3 Februari 2022, wiki tatu kabla ya mlango kufungwa. GNOME, wale wanaotengeneza sura ya skrini, hutoka Machi na Septemba, na Ubuntu tangu ilipozaliwa Oktoba 2004 ilipanga kutoka mwezi mmoja hivi baada yao, makusudi. Python nayo ilikuwa ikitoka kila baada ya miezi 18 hivi, kwa hiyo ikiangukia msimu wowote. Kuanzia toleo la 3.9, Oktoba 2020, ikahamia mwaka kwa mwaka, kila Oktoba, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwenda sambamba na ratiba ya Fedora, ambao huwa wa kwanza kugundua kilichovunjika.

Sisi wa pwani jambo hili hatuhitaji kufundishwa sana. Mzigo wa mikoko au boriti ulipaswa kuwa bandarini kabla upepo haujageuka. Nahodha hakuwa akimchukia mfanyabiashara aliyechelewa wiki moja. Upepo ndio haukumngoja, na mzigo wake ukalala hadi msimu mwingine.

OpenSSL ndiyo maktaba iliyochelewa jahazi ikajulikana dunia nzima. Ndiyo inayofunga mazungumzo kati ya simu yako na benki. Ubuntu 18.04 ilitoka Aprili 2018 ikiwa na OpenSSL 1.1.0. Toleo la 1.1.1, lenye kinga mpya na ahadi ya kutunzwa miaka 5, lilitoka tarehe 11 Septemba mwaka huo huo, miezi mitano baada ya jahazi kuondoka. Lile la 1.1.0 wenyewe wangeliacha mkono Septemba 2019, hali Ubuntu imeahidi watu wake hadi 2023. Angelitunza nani miaka minne hiyo? Ikabidi Ubuntu wavunje desturi yao wenyewe, na mwaka 2019 wakabadilisha unga katikati ya mkataba, wakaweka 1.1.1 kwenye mashine ambazo watu walishazizoea. Ni jambo la nadra sana, na halikukosa maumivu.

Baadaye OpenSSL wenyewe waliingia kwenye utaratibu wa tarehe: Aprili na Oktoba kila mwaka. Utaona kichekesho: Aprili ni mwezi ule ule wa Ubuntu, kwa hiyo toleo la Aprili halipandi kamwe jahazi la Aprili, lile la Oktoba ndilo lina nafasi. Hata hivyo kalenda inayojulikana, ijapokuwa haikulingana na yako, ni bora kuliko isiyojulikana. Unaweza kupanga.

Na Debian? Hawa ni wakongwe, wapo tangu 1993, na Ubuntu yenyewe imejengwa juu ya kazi yao. Kanuni yao ni kwamba toleo hutoka likiwa tayari. Kila mwaka sisi hubishana kuhusu mwezi wa Ramadhani, mmoja anataka hesabu ya kalenda, mwingine anasema mpaka uonekane kwa macho. Debian ni watu wa kuonekana kwa macho. Kati ya toleo lao la Julai 2002 na lililofuata, Juni 2005, ilipita karibu miaka mitatu, na waliokuwa wakingoja walichoka kutazama mbinguni.

Mwaka 2008 Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, alizitaka distro kubwa zikubaliane kutoka kwa mpangilio mmoja, ili waandishi wa maktaba wajue toleo gani litakaa miaka mingi mikononi mwa watu, nao waliwekee nguvu. Julai 2009 Debian wakatangaza kwamba sasa watafunga mlango kwa tarehe, kila Desemba ya mwaka wa witiri, kuanzia mwaka ule ule. Wanachama wengi walilalamika, walisema wamebanwa muda na hawakushauriwa vya kutosha, na tarehe ile ya kwanza ikaachwa. Mlango ulifungwa Agosti 2010, toleo likatoka Februari 2011. Tangu hapo wamepata njia ya kati ambayo mimi naiona ya busara: siku ya kufunga mlango hutangazwa mapema, siku ya kutoka hungoja kazi ikamilike. Kwa Debian 12 walianza kufunga tarehe 12 Januari 2023, wakatoka tarehe 10 Juni.

Jumatano ya wiki ile mpwa wangu na mimi tulipanda matatu kwenda Thika. Aliyeandika programu ya karo alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja huko, ilikuwa kazi yake ya mwisho ya diploma, na sasa yuko Doha anafanya kazi nyingine kabisa. Tulimtumia ujumbe, akajibu kwa sauti kwamba hakumbuki hata nywila ya mashine aliyoandikia, akatuombea kheri. Mwalimu aliyemsimamia bado yupo chuoni, na mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wake pia.

Mama yule alitupokea vizuri, akaniita Ustadh kwa sababu ya kofia, akatukalisha katika maabara ambamo kompyuta thelathini hivi zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Mpwa wangu akaeleza. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza toleo la 8.1 lilitangazwa lini.

"Novemba 2021, Madam."

"Na wewe umepandisha lini?"

"Jumamosi."

"Miaka mitatu na miezi mitano," akasema. "Ulikuwa na miaka mitatu na miezi mitano, ukatumia siku mbili za mwisho kabla ya shule kufunguliwa."

Kijana akainama. Mimi nilijisikia nimeguswa pia, maana ningefanya vivyo hivyo.

Kwa mwalimu, tarehe zilizotangazwa ni ulinzi wa mtu mdogo. Maabara yake huipandisha kila Agosti ya mwaka ambao Ubuntu ya muda mrefu imetoka, kamwe si Aprili ileile. Aprili anaiachia dunia iijaribu. Ubuntu nao, kusema haki, hawamwambii mwenye seva ya zamani apande mpaka toleo la kwanza la marekebisho litoke, na kwa kawaida hilo huwa Julai au Agosti. Agosti kuna likizo. Akipata hitilafu ana wiki kadhaa. "Kalenda yao siwezi kuibadilisha," alisema, "lakini yangu naweza kuipanga nyuma ya yao."

Mpwa wangu hakukubali moja kwa moja, na hoja yake haikuwa ya kujitetea tu. Alisema tarehe iliyotangazwa mapema inaonekana na kila mtu, na mwizi naye ana kalenda. Akataja habari ya xz, na hapo mwalimu alinyamaza kidogo.

Kwa asiyeikumbuka: xz ni programu na maktaba ndogo ya kubana mafaili, iko karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Kuanzia 2021 akajitokeza msaidizi anayejiita Jia Tan. Mpole, mchapakazi, anatuma marekebisho mema. Taratibu akaaminiwa mpaka akawa na mamlaka ya kutoa matoleo mwenyewe. Tarehe 24 Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi 9 likafuata la 5.6.1, yote mawili yakiwa na mlango wa siri ambao ungempa mwenye ufunguo uwezo wa kuingia kwenye seva bila kubisha hodi.

Tazama tarehe hizo, msomaji. Mlango wa Ubuntu 24.04 ulifungwa tarehe 29 Februari 2024. Fedora 40 nao walikuwa mbioni kutoka Aprili. Mtu huyu aliwasukuma watu wa Fedora kwa majuma wachukue toleo lake jipya, na tarehe 28 Machi likawekwa ombi kwa jina lake kwamba Ubuntu nao walichukue, ijapokuwa mlango umeshafungwa. Maktaba ikishaingia kwenye toleo la muda mrefu hukaa humo miaka 5, kwenye mashine zisizohesabika, hospitali na shule na serikali. Mwizi alilenga jahazi lile kwa sababu alijua siku litakayong'oa nanga.

Siku moja tu baada ya ombi lile, Ijumaa tarehe 29 Machi, sisi tukiwa katika kumi la pili la Ramadhani, mhandisi wa Microsoft anayeitwa Andres Freund akautangazia ulimwengu alichokigundua. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine kumechelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mtu mwingine angesema ni mtandao. Yeye akafukua mpaka akaukuta mlango. Toleo lenye sumu lilikuwa limeshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini halijafika kwenye matoleo thabiti. Ubuntu waliahirisha toleo la majaribio la 24.04 kutoka tarehe 4 hadi 11 Aprili, wakajenga upya vifurushi vyote vilivyokuwa vimejengwa tangu msimbo ule wenye sumu uingie, na bado wakatoka tarehe 25 Aprili kama walivyoahidi.

Mwalimu alijibu kwamba habari ile ile inathibitisha maneno yake. Kilichoiokoa Ubuntu ni kile kipindi kati ya kufunga mlango na kutoka, wakati ambapo kila kipya kinatazamwa kwa mashaka. Kama toleo la xz lingeweza kuingia siku yoyote bila kungoja, lingekuwa seva za watu siku ile ile. Mpwa wangu akasema kilichowaokoa ni Freund na nusu sekunde yake, na kalenda haikugundua chochote. Nadhani kijana alishinda hapo. Lakini jambo ambalo wote wawili walilipita ni Lasse Collin. Kalenda zote hizi nzuri, Novemba na Februari na Aprili, zinamfikia mtu mmoja aliye peke yake, halipwi, na kila distro inamwuliza toleo lake liko wapi kwa sababu mlango unafungwa. Mtu aliyechoka namna hiyo akipata msaidizi mpole, ataacha kumpokea? Makampuni makubwa yaliyojenga utajiri juu ya maktaba kama zake yalikuwa na uwezo wa kumlipa kabla ya mwizi kumpata. Kwa maoni yangu wakubwa wa distro wanaposema waandishi wa maktaba wajipange na tarehe zao, haki ni kwamba wapeleke na mikono ya kazi, si tarehe tupu.

Na waandishi wa maktaba nao wana lao. PHP walitangaza badiliko la 8.1 waziwazi, hilo siwezi kuwanyima. Lakini toleo la 7.4 lilitoka Novemba 2019, wakaliacha mkono tarehe 28 Novemba 2022, hali Ubuntu 20.04 iliyolibeba ilikuwa imeahidi hadi 2025. Miaka miwili na nusu hiyo, kila tundu lililogunduliwa lilizibwa na watu wa Ubuntu, wakichukua kiraka cha toleo jipya na kukishona upya kwenye la zamani. Ni kama kulea yatima ambaye wazazi wake wako hai na wameshazaa wengine. Na hii inafanyika kwa maktaba zilizo katika orodha kuu tu. Zile za pembeni, na hizo ni nyingi mno, hutegemea watu wa kujitolea, au ujiandikishe kwenye mpango wa Ubuntu Pro, ambao mtu binafsi hupewa bure kwa mashine 5. Django, ambayo vijana wetu wengi hujengea tovuti kwa Python, imo katika orodha kuu, nayo pia ni yatima wa namna hiyo. Toleo lake la 4.2, lililomo ndani ya Ubuntu ya 2024, lilitoka Aprili 2023, na wenyewe waliahidi kulitunza hadi Aprili 2026. Ubuntu ile inaendelea hadi 2029. Mwenye tovuti ahesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Turudi Ruiru. Jumatatu ile mhazini aliokoa siku kwa kalamu: aliandika malipo kwa mkono kutoka kwenye simu za wazazi, na mwalimu mkuu akaruhusu watoto waingie. Yule wa gredi ya pili aliingia saa nne kasoro. Usiku mpwa wangu hakuishusha seva, maana kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Alichukua PHP 7.4 kutoka hazina ya Ondřej Surý, mmoja wa watunzaji wa PHP ndani ya Debian, anayetayarisha matoleo kadhaa ya PHP kwa ajili ya Ubuntu ili mtu aweze kukaa na la zamani juu ya mfumo mpya. Asubuhi ya Jumanne taarifa ya M-Pesa ikapakiwa, malipo yakaingia yote. Ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu, si ya kuponya, na alijua.

Katika likizo ya Agosti alikaa na programu ile siku nne. Mstari uliosababisha yote ulihitaji maneno machache tu: malipo yakiwa yapo, ruka, uandike kwamba umeruka. Alikuta pia sehemu tatu ambapo makosa yalikuwa yakinyamaziwa miaka yote, na katika mojawapo kulikuwa na malipo ya wazazi ambayo hayakuwahi kuingia tangu mwaka jana, watu waliokuwa wakidaiwa karo waliyokwisha kulipa. Mhazini aliita familia hizo moja moja. Kwa hiyo lile badiliko la 8.1 lililotuletea foleni, ndilo lililotufichulia dhuluma ile. Sijui nilipongeze au nililaani.

Sasa ukutani kwa mhazini kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu. Tarehe za kufungua na kufunga shule ziko upande mmoja. Upande wa pili: 31 Desemba 2025, PHP wanaiacha 8.1. Aprili 2026, Ubuntu mpya, usiguse. Agosti 2026, jaribu. 2027, mwisho wa kawaida wa 22.04. Mpwa wangu ameomba shule imnunulie kompyuta ya pili, hata kuukuu, ya kufanyia majaribio kabla ya kuigusa ile ya karo. Mpaka naandika haya mwalimu mkuu hajamjibu.